Wenyeji Wawili wa Mgeni Mmoja

Mwanzoni mwa Oktoba 2022, Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais Yoweri Museveni na wakati huo kamanda wa jeshi la nchi kavu la Uganda, aliandika kwenye Twitter kwamba yeye na askari wake hawangemaliza hata wiki 2 kabla ya kuiteka Nairobi. Akaongeza swali: baada ya ushindi akae wapi, Westlands au Riverside? Alikuwa pia amemlaumu Uhuru Kenyatta, rais wa Kenya aliyekuwa ametoka madarakani karibuni, kwa kutogombea muhula wa tatu, kana kwamba katiba ya Kenya ni kitu cha kuazimana na jirani. Kwa serikali, tatizo lilikuwa tishio la vita. Kwa mtu wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kulikuwa na dharau ya ziada: jenerali anauteka mji mzima, kisha Umoja, Kayole na Dandora hazimo hata kwenye orodha ya mahali pa kulala.

Haukupita muda baba mtu akaandika barua. Aliwaomba Wakenya radhi, akasema si sawa kwa maofisa wa umma, wawe raia au wanajeshi, kutoa maoni juu ya mambo ya ndani ya nchi ndugu au kuyaingilia kwa namna yoyote. Ukiwa na la kusema, alieleza, zipo njia: mazungumzo ya faragha, au vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki na vya Umoja wa Afrika. Mwana alikuwa amekwisha kuvuliwa ukamanda, na wakati huohuo akapandishwa cheo kuwa jenerali kamili.

Tukiiweka kando hiyo nyota ya begani, barua ya Museveni inaieleza adabu ya kidiplomasia kwa usahihi kuliko mihadhara mingi. Lawama husemwa chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Ukumbini ni tabasamu, bendera mbili na picha ya kushikana mikono. Anayekosewa hapewi nafasi ya kuaibika mbele ya watu wake, na anayelaumu hapewi nafasi ya kujionyesha kwao. Ni adabu nzuri. Ina kasoro moja tu: watu wanaozungumziwa chumbani hawamo chumbani.

Sheria yenyewe imeandikwa. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia, katika kifungu cha 41, unawataka mabalozi waheshimu sheria za nchi walikopokelewa na wasiingilie mambo yake ya ndani. Shughuli zao rasmi wazipitishe kwenye wizara ya mambo ya nje. Kifungu cha 9 kinampa mwenyeji rungu: anaweza kumtangaza balozi yeyote kuwa mtu asiyetakiwa, wakati wowote, bila kutoa sababu. Lakini kifungu cha 3 kinasema kwamba kazi mojawapo ya ubalozi ni kujua, kwa njia zote halali, hali ya nchi na yanayotokea ndani yake, kisha kuripoti nyumbani. Balozi basi anatakiwa aone kila kitu na asiseme kitu. Mkataba huo unawabana wanadiplomasia waliopelekwa kukaa. Rais anayezuru kwa siku 2 anabanwa na desturi tu, na seneta anayepita hana kinachombana isipokuwa malezi yake.

Mwenyeji, kwa mujibu wa mkataba, ni serikali. Basi. Hakuna mwingine. Ila upande wa mashariki wa Nairobi, kuanzia Muthurwa na Shauri Moyo hadi ng'ambo ya Outering, jambo hili halijawahi kuwa rahisi hivyo, kwa sababu mitaa yenyewe ilianzishwa na serikali iliyowahesabu wakazi wake kuwa wageni. Pumwani ilitengwa rasmi kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo, Ziwani, Starehe na Kaloleni zikafuata, vyumba vya kumlaza kibarua anayetarajiwa kurudi kwao kazi ikiisha. Mtu alitembea na kipande, kitambulisho cha kikoloni, shingoni kuthibitisha kwamba ana ruhusa ya kuwa mjini. Ukumbi wa Kaloleni ukawa mahali pa siasa mapema, na haishangazi: mtu anayeitwa mgeni nyumbani kwake huanza kuuliza nani aliyemkaribisha mwenzake.

Baada ya uhuru wageni wa aina nyingine walikuja na pesa. Buruburu ilijengwa tangu miaka ya 1970 kwa mikopo ya Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, ambalo ni mali ya serikali ya Uingereza. Umoja ilijengwa kwa fedha za USAID. Dandora ilianza 1975 kama mradi wa viwanja 6,000 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: unapewa kiwanja, maji, choo na ukuta, nyumba unajijengea. Kwa hiyo maelfu ya familia za Eastlands zimelala, zimeoa na zimezika zikiwa katika nyumba ambazo Waingereza, Wamarekani au Benki ya Dunia waliziwekea msingi. Waziri anaposimama kusema kwamba wageni hawana haki ya kutia mdomo katika mambo yetu, anawahutubia watu ambao hata paa lao ni ushahidi kwamba wageni wamo ndani siku nyingi, tena kwa mwaliko wa serikali.

Hapo ndipo tunamkuta Smith Hempstone. Hakuwa mwanadiplomasia wa kusomea. Alikuwa mwandishi wa habari, aliyewahi kuwa mhariri wa Washington Times, na Rais George Bush, yule baba, alimtuma Nairobi mwaka 1989, mwaka uleule ukuta wa Berlin ulipoanguka. Huo ukuta ni muhimu kuliko tabia ya Hempstone. Mabalozi wa Marekani waliomtangulia walikuwa watu wa adabu kamili. Mwaka 1982 katiba ilipotiwa kifungu cha 2A na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na katikati ya muongo huo watu walipokuwa wakiteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, adabu ya ubalozi haikutetereka. Ilikuwa adabu yenye bei. Tangu 1980 manowari za Marekani zilikuwa na ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa, na Rais Moi alikuwa rafiki wa Magharibi katika ukanda uliokuwa umejaa marafiki wa Moscow. Vita Baridi vilipokwisha, adabu ikashuka thamani. Hempstone akagundua uhuru wa kusema wakati ambapo kusema kulikuwa hakugharimu kitu Washington. Nasema hivi si kumvunjia heshima. Alisema kweli, na wengi walimshukuru. Lakini msomaji asidhani kwamba dhamira huwapata mabalozi ghafla kama homa.

Tarehe 3 Mei 1990, Alhamisi, alihutubia chama cha Rotary cha Nairobi. Alisema, kwa maneno mapole kuliko sifa yake, kwamba katika bunge la Marekani kuna wimbi kubwa la kutaka misaada ielekezwe kwa nchi zinazolea taasisi za kidemokrasia, zinazolinda haki za binadamu na zinazoruhusu vyama vingi. Siku hiyohiyo Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote waliowahi kuwa mawaziri, waliwaita waandishi wa habari na kudai vyama vingi. Rubia alikuwa pia meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Sadfa au mpango, katika Nairobi ya mwaka ule hakuna aliyekuwa tayari kuamini sadfa.

Tazama mahali: meza ya chakula cha mchana, watu wenye suti. Hempstone hakuvunja kifungu cha 41 waziwazi. Alieleza hali ya bunge lake, si ya bunge la Kenya. Wanadiplomasia huuita huu werevu. Chama tawala, KANU, kiliuita uchochezi, na kwa namna fulani KANU ilikuwa na masikio mazuri, maana sentensi iliyosemwa kwa Kiingereza mezani ilifika Gikomba kabla ya magazeti ya jioni kuisha.

Matiba na Rubia waliitisha mkutano Kamukunji, Jumamosi tarehe 7 Julai, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba. Ule uwanja una mahali pake katika ramani ya siasa. Upo kando ya Mto Nairobi, umezungukwa na Majengo, Gikomba, Shauri Moyo na mafundi wa jua kali wanaogonga mabati kutwa. Mtu wa Eastlands hahitaji nauli kuufikia. Serikali ilikataa kutoa kibali, na siku chache kabla ya mkutano Matiba, Rubia na Raila Odinga wakatiwa kizuizini. Watu walienda hata hivyo. Polisi walitumia marungu, gesi na risasi. Ghasia zikaenea siku kadhaa, watu wakafa. Siku hizohizo wakili Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani, akalala humo, kisha akasafirishwa kwenda Marekani. Ubalozi wakati huo ulikuwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, ambako matatu za Jogoo Road hupita. Kutoka Shauri Moyo ungefika kwa miguu.

Kumpa mtu hifadhi ni kitu kizito zaidi kuliko hotuba. Hotuba hujibiwa kwa hotuba. Serikali ya Moi ilighadhabika, magazeti ya chama yakachemka, wabunge wakataka balozi afukuzwe. Hakufukuzwa. Rungu la kifungu cha 9 halikuinuliwa dhidi ya Marekani hata siku moja katika miaka yake mitatu na ushei Nairobi.

Dhidi ya Norway liliinuliwa rungu zito zaidi. Oktoba 1990, Koigi wa Wamwere, aliyekuwa amepewa hifadhi Norway, alikamatwa na kufunguliwa mashtaka ya uhaini. Balozi wa Norway alilalamika, na Kenya ikavunja uhusiano wa kidiplomasia kabisa. Ubalozi ukafungwa, miradi ya Norway huko Turkana ikaachwa njiani, na uhusiano haukurudi hadi 1994. Kosa la Norway lilikuwa dogo kuliko la Hempstone kwa kipimo chochote. Tofauti yao ni uzito wa mfuko na ukubwa wa manowari. Ndiyo maana siku hizi mabalozi wa nchi ndogo hupenda matamko ya pamoja yenye saini 10 au 13: hakuna serikali itakayofukuza mabalozi 13 kwa asubuhi moja.

Kati ya Saba Saba na sakata la Norway alipita mgeni mwingine ambaye wanaofundisha etiketi ya kidiplomasia wangepaswa kumchambua kwa wiki nzima. Nelson Mandela alifika Nairobi katikati ya Julai 1990, miezi 5 tu baada ya kutoka jela, siku chache baada ya maiti kuokotwa Eastlands. Akahutubia umati Kasarani. Waliotarajia amkemee Moi hawakupata walichotaka. Alizungumza juu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Alimtaja kama mtu aliyempa moyo, akasikitika kwamba hakumwona mjane wake, wala kaburi lake halijulikani. Haya yalisemwa katika nchi ambamo Mau Mau ilikuwa bado imepigwa marufuku kisheria, amri ya wakoloni ambayo haikuondolewa hadi 2003. Yalisemwa pia mbele ya serikali ambayo haikuwa ikiwakumbuka sana wajane wa wapiganaji. Mgeni amemsifu babu wa mwenyeji kwa sauti ya upole, na kila aliyekuwa uwanjani akaelewa nani amesutwa. Hakuna kifungu cha mkataba wowote kinachoweza kumshitaki mtu kwa kuulizia kaburi.

Wapo waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba Mandela aliwaangusha watu wa Kamukunji. Nadhani wana hoja. Fumbo zuri halimtoi mtu kizuizini.

Novemba 16, 1991, FORD, kundi la shinikizo lililodai vyama vingi, liliitisha mkutano mwingine uwanjani palepale. Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walikamatwa. Wengine, akiwamo Martin Shikuku, walipenya hadi mitaa ya Kamukunji juu ya gari, wakishangiliwa na vijana, polisi nyuma yao. Safari hii walikuwapo pia maofisa wa balozi za Magharibi, wamesimama pembeni wanatazama. Waziri wa mambo ya nje, Wilson Ndolo Ayah, aliwashambulia Hempstone na wenzake kwa maneno makali. Je, kusimama kando ya uwanja ni kuingilia? Kwa kifungu cha 3, ofisa yule yuko kazini: anaangalia yanayotokea ili aripoti. Kwa kifungu cha 41, macho yake yenyewe ni upande. Polisi hupiga tofauti wakijua Mjerumani anatazama. Ukweli ni kwamba vifungu vyote viwili vilikuwa sahihi siku ile, na kijana wa Majengo aliyeepuka rungu kwa sababu kulikuwa na gari lenye namba za ubalozi karibu hakuwa na haja ya kujua kipi kina nguvu.

Kabla mwezi haujaisha wafadhili walikutana Paris na kusimamisha misaada mipya kwa miezi 6. Desemba bunge likafuta kifungu cha 2A. Januari 18, 1992, FORD ikafanya mkutano wake wa kwanza wa halali, na bila shaka ulikuwa Kamukunji.

Tangu hapo imekuwepo hadithi kwamba wageni ndio waliotuletea vyama vingi, na hadithi ya upande wa pili kwamba wageni hawakufanya chochote, damu ni yetu. Waliokuwa Shauri Moyo wanajua mambo mawili kwa pamoja. Matiba na Rubia walikuwa wamekwisha kusema. Umati ulikuwa umekwisha kwenda uwanjani bila kumsubiri balozi. Lakini serikali ilisikia kwa sikio la mfuko. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Saba Saba ilituachia swali la nani hasa alikuwa akiumwa, na nani aliyemwita mganga.

Hempstone aliondoka 1993, na baadaye akaandika kumbukumbu zake akijiita mwenyewe, kwenye jalada, balozi mtukutu. Jina hilo tutalikuta tena.

Edward Clay hakuwa na ustaarabu wa Rotary. Julai 2004, akiwa Balozi wa Uingereza nchini Kenya, aliwaambia wafanyabiashara Waingereza jijini kwamba wala rushwa wa serikali mpya ya Rais Kibaki wamekula kwa ulafi hadi wanatapika juu ya viatu vya wafadhili. Kashfa ya Anglo Leasing ilikuwa ndiyo kwanza imefichuka: mikataba ya mamilioni kwa kampuni hewa, ya pasipoti na ya maabara ya polisi. Waziri wa mambo ya nje, Chirau Ali Mwakwere, alimwita Clay ofisini, jambo ambalo ndilo silaha ya kawaida ya mwenyeji: balozi anakaa kwenye kochi, anasomewa malalamiko, anaondoka na karatasi. Alitakiwa alete ushahidi, na baadaye akaleta orodha.

Kwa vipimo vya barua ya Museveni, ile hotuba ni fedheha tupu. Kwa vipimo vya stendi ya matatu ilikuwa hotuba pekee ya mwanadiplomasia ambayo makanga aliweza kuirudia neno kwa neno. Kila mtu alikuwa amemwona mlafi anayetapika. Kuna jambo Clay hakulipa uzito uleule, nalo linawahusu wageni wote wanaokosoa: kampuni hiyo hewa ilijitambulisha kwa anwani ya Liverpool. Wageni huona wepesi aliyekula. Aliyepika huwa hawamtaji sana, hasa akiwa wa kwao.

Miaka 2 baadaye alikuja Barack Obama, seneta wa Illinois, na kwa Eastlands huyu hakuwa mgeni wa kawaida. Katika kitabu chake cha kwanza anasimulia alivyofika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1980 na kupelekwa kwa shangazi yake, katika nyumba za ghorofa za Kariokor, chumba kimejaa jamaa. Agosti 2006 alisimama Chuo Kikuu cha Nairobi akasema juu ya rushwa na ukabila bila kutafuna maneno, na msemaji wa serikali, Alfred Mutua, akamjibu kwa ukali. Seneta si balozi, Vienna haimgusi. Lililowachanganya watu wa Ikulu ni kwamba hawakujua watumie adabu gani kwake. Mtoto wa ndugu anayelaumu mambo ya nyumbani anahesabiwa nani?

Aliporudi akiwa rais, Julai 2015, walikuwa wamejipanga. Kwenye mkutano na waandishi wa habari Ikulu, Obama alitetea haki za mashoga, na Uhuru Kenyatta, akiwa amesimama pembeni yake, akajibu palepale kwamba kwa Wakenya hilo si suala la kushughulikia. Walitofautiana ana kwa ana, wakashikana mikono. Sijaona mfano bora wa jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa: lawama imesemwa hadharani, jibu limetolewa hadharani, na kila mmoja amewafikia watu wake. Kesho yake Kasarani, Obama alipokemea ufisadi, ukabila na jinsi wasichana wanavyonyimwa nafasi, alishangiliwa na umati, na viongozi waliokuwa wakikemewa walikuwa kati ya waliokuwa wakipiga makofi.

Johnnie Carson alijaribu njia ya kati ikamvunjikia mkononi. Februari 2013, wiki chache kabla ya uchaguzi, huyu aliyewahi kuwa balozi Nairobi na sasa alikuwa msimamizi wa masuala ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani, aliwaambia Wakenya kwamba uchaguzi wao una athari zake. Hakutaja jina. Hapakuwa na haja, kwa sababu Uhuru Kenyatta na William Ruto, wagombea wa Jubilee, walikuwa wanakabiliwa na kesi katika mahakama ya kimataifa huko The Hague. Muungano wa Jubilee uliipokea kauli hiyo kama zawadi. Kuanzia hapo kura haikuwa tena juu ya bei ya unga. Ikawa juu ya kama Mkenya anachaguliwa rais na Mmarekani. Carson alisahau kwamba mwenyeji wa pili, yule wa mtaani, naye ana kiburi chake, na hapendi kuambiwa matokeo ya mtihani kabla hajaufanya.

Mpaka hapa nimezungumzia lawama. Sifa je? Hakuna balozi aliyewahi kuitwa wizarani kwa kusifu. Agosti 2023, Meg Whitman, balozi wa Marekani, alisema kwenye kongamano la ugatuzi Eldoret kwamba uchaguzi wa 2022 ulikuwa wa kuaminika kuliko chaguzi zote katika historia ya Kenya. Serikali ya Ruto haikuona kuingiliwa popote. Marehemu Raila Odinga aliona. Alipanda jukwaa hilohilo la kongamano akamwita balozi mtukutu, akamtaka afunge mdomo akiwa hapa, la sivyo watadai arudishwe kwao. Kenya si koloni la Marekani. Ni Raila yuleyule aliyekuwa kizuizini Julai 1990 wakati balozi mtukutu wa kwanza alipokuwa akishangiliwa na watu wake.

Ni rahisi kucheka unafiki huo, na nimewasikia wengi wakicheka. Mimi naona kwamba siku hiyo Raila alisema jambo ambalo serikali zote za Kenya huliepuka: balozi anayesema uchaguzi ulikuwa mzuri ameingilia sawasawa na anayesema uliibwa. Amechukua upande katika ugomvi wa wenyeji. Kama tunakiamini kifungu cha 41, tukiamini kwa lawama na kwa sifa. Serikali zetu hazijawahi kukiamini kwa sifa.

Rungu la misaada nalo limeliwa na mchwa. Juni 25, 2024, vijana walipoingia bungeni kupinga Muswada wa Fedha na polisi wakawapiga risasi, balozi 13 zilitoa tamko la kushtushwa, na mwaka uliofuata, mkesha wa kumbukumbu ya siku ile, zaidi ya balozi 10 zilionya dhidi ya polisi waliovaa kiraia na magari yasiyotambulika. Matamko yalisomwa, yakasambazwa, yakaisha. Hakuna mkutano wa Paris uliofuata. USAID, iliyoijenga Umoja, ilifungwa na serikali yake yenyewe 2025. Outering ilipanuliwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kutoka ubalozi wa China husikii hotuba juu ya polisi. Ubalozi wa Marekani wenyewe haupo tena kwenye njia ya matatu za Jogoo Road. Bomu la Agosti 7, 1998 liliua watu 213 pale kwenye kona, Wamarekani 12 tu miongoni mwao, na wenye ubalozi wakahamia Gigiri, nyuma ya kuta. Wakili anayekimbia leo kutoka Shauri Moyo angehitaji matatu mbili na bahati.

Wenyeji nao wamegeuka wageni. Mei 2025, Martha Karua na Willy Mutunga, waziri wa zamani na jaji mkuu wa zamani, walizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kurudishwa. Walikuwa wanaenda kusikiliza kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania. Rais Samia Suluhu Hassan akatoa onyo kwa wanaharakati wa nchi jirani, kwamba wasivuke mpaka kuvuruga nchi ya watu. Ilikuwa hoja ileile ya KANU ya 1990, na wengi walioipinga 1990 walikuwa wanaelekezewa wao sasa. Boniface Mwangi, mwanaharakati wa Kenya aliyefanikiwa kuingia, alikamatwa pamoja na Agather Atuhaire wa Uganda, na baada ya siku chache akaachwa mpakani. Wote wawili wamesimulia waliyotendewa, na si ya kuandikwa kwa wepesi. Mwisho wa mwezi Rais Ruto, kwenye maombi ya kitaifa, aliwaomba radhi Watanzania kwa lolote ambalo Wakenya wamewakosea.

Kabla ya radhi hiyo, Mwangi akiwa bado hajulikani aliko, wizara ya mambo ya nje ya Kenya ilikuwa imeandikia Tanzania barua rasmi ya kulalamika kwamba maofisa wake wamenyimwa nafasi ya kumwona raia wao, ikataja Mkataba wa Vienna unaohusu huduma za kibalozi. Barua hiyo ilikuwa ya heshima kila neno, kama inavyotakiwa. Miezi 2 baadaye Mwangi alikamatwa tena, safari hii na polisi wa Kenya, nyumbani kwake, na hakukuwa na wizara ya nje ya kumwandikia barua.